Guangzhou: samaki asiuawe kabla hujaandikiwa jumla

Mkuu, futa kwanza huo mpango wa Jumamosi. Umesema unakwenda maonyesho ya biashara ya Canton ya Oktoba, huko Guangzhou, China, unauliza chakula halali utakipata wapi karibu na mtaa wa Xiaobei. Halafu mwisho kabisa ukaongeza kwamba kuna jamaa kakwambia Jumamosi uende mgahawa wa samaki wa matangi, "unanyoosha kidole tu, China msosi bei chee."

Maneno hayo nayajua. Niliambiwa hivyo hivyo Kariakoo, na mtu aliyekuwa ameshakwenda mara nne, na yalinitoa yuan 1,900 kwa mlo mmoja wa watu watatu. Safari ile nilibadilisha yuan moja kwa shilingi 350, kwa hiyo piga hesabu: 665,000. Mikoba niliyokuwa nachukua kwa jumla kule Baiyun, hapo hapo Guangzhou, ilikuwa yuan 38 mmoja. Mikoba 50 ilipita kooni usiku mmoja.

Tulikuwa wanawake watatu, mzigo umeshafungwa, kesho yake tunaruka. Wiki nzima tumekula tambi, tukasema leo tule samaki. Mgahawa una matangi ya vioo kuanzia mlangoni mpaka ngazini, maji yanabubujika, kila tangi lina kikaratasi cha bei. Nikamwona chewa mwekundu mwenye vidoti vya bluu, ametulia kwenye kona ya tangi, mashavu yanafunguka na kufunga. Chini yake pameandikwa 48. Nikajua ni kilo. Kama elfu kumi na saba ya kwetu, samaki mzima, nani ataacha? Nikanyoosha kidole. Binti akazamisha wavu, akamtia kwenye mfuko wa nailoni, mfuko ukapanda mzani, akaandika kitu kwenye karatasi, chewa akapelekwa jikoni. Nusu dakika haikufika. Kidole kikahamia kwa kamba, kikahamia kwa kaa wawili waliofungwa makamba manene yaliyolowa maji.

Bili ilipokuja nilidhani ni ya meza nyingine.

Sasa soma hapa polepole. China sokoni kwa kawaida hawauzi kwa kilo. Wanauza kwa jin, ambayo ni gramu 500, nusu kilo, na herufi yake ni hii: 斤. Kwa hiyo bei ya jin unayoiona kwenye mboga, matunda au samaki, izidishe mara mbili ndipo upate ya kilo. Hilo wengi wetu tunalizoea siku ya pili. Ambalo hatuambiwi ni kwamba samaki wa thamani wanaweza kuandikwa kwa liang, na liang ni sehemu ya kumi ya jin, gramu 50 tu. Herufi yake ni 两: mstari juu, chini yake kama mlango, na ndani ya mlango watu wawili wamesimama. Piga picha hiyo herufi uiweke kwenye simu yako leo. Chewa wangu alikuwa kilo moja na gramu 100. Hizo ni liang 22. Mara 48, yuan 1,056. Kamba kilo moja ni jin 2, kwa 98, yakawa 196. Kaa na makamba yao kilo moja na nusu, jin 3 kwa 158, 474. Juu yake hela ya kupikiwa, 40 kwa kila sahani. Chai ya mezani 8 kwa kila kichwa, hiyo ni desturi ya Guangzhou, wala si wizi. Wali 30. Jumla 1,900 kamili.

Nikapandisha sauti. Binti hakubishana, akanishika mkono mpaka kwenye tangi, akaweka kidole kwenye kikaratasi. 48, na pembeni yake wale watu wawili ndani ya mlango. Ilikuwa imeandikwa tangu mwanzo. Samaki ameshaliwa, mifupa iko mezani, unarudisha nini? Mwenzangu mmoja akasema kwa bei ile chewa tungemkatia tiketi turudi naye Dar. Tukacheka, tukalipa.

Kinachonichoma mpaka leo ni yule bwana wa Kariakoo. Nilipomfuata kumuuliza, ndipo ikajulikana kwamba mara zote nne alikaribishwa na wenye viwanda. Kule anayealika ndiye anayelipa, ni heshima yake na anaweza hata kukimbilia kaunta ili usimtangulie. Kwa hiyo bwana huyu amekula chewa, amekula kambakochi, na hajawahi kushika bili hata siku moja! Halafu anarudi anatufundisha bei. Mkuu, huyo jamaa yako muulize swali moja tu: ulilipa wewe? Ukialikwa na kiwanda nenda ukale kwa amani. Ninazungumzia siku unayokula kwa mfuko wako.

Na kanuni yangu ni hii, ishike hata ukisahau mengine yote: samaki asiuawe kabla hujaandikiwa jumla. Bei ya jin au liang haitoshi, uzito peke yake hautoshi. Inatakiwa namba moja ya mwisho, pamoja na kupika, imeandikwa kwenye kikokotoo, wewe umeiona na umekubali. Mchana kutwa sokoni tunashika kikokotoo, tunagombania yuan moja kwenye mkoba, tunaandika, wanafuta, tunaandika tena. Jioni tunakiacha hotelini kama vile mgahawa si duka. Nenda nacho. Sema "yigong duoshao qian", yaani jumla ni hela ngapi, kisha mpe akuandikie. Maji yamwagwe kwenye mfuko kabla ya mzani. Kwa kaa, uliza uzito wao bila makamba. Ukiona kikaratasi hakina namba, kimeandikwa 时价, maana yake bei ya siku, hapo ndipo uulize mara mbili. Akisita kuandika, inuka uondoke. Samaki akiwa bado anaogelea hudaiwi kitu.

Usiseme wanawaonea wageni tu. Oktoba 2015 kule Qingdao, Mchina mwenyewe aliagiza kamba wa yuan 38 akidhani ni bei ya sahani, mwisho akaambiwa ni 38 kwa kila kamba mmoja, sahani ikapita yuan 1,500. Nchi nzima iliwaka, na mgahawa ukapigwa faini ya yuan 90,000. Wenyewe kwa wenyewe, lugha moja. Sisi je, tunaosoma namba tu? Ukidanganywa kweli, namba ya malalamiko ya walaji ni 12315. Mimi isingenisaidia, maana bei ilikuwa imeandikwa wazi.

Halali ni rahisi kuliko unavyodhani. Tafuta maandishi 清真, yanasomwa qingzhen, mara nyingi kwenye kibao cha kijani. Maduka ya tambi za Lanzhou ya Waislamu wa Kihui yako kila mahali, na Xiaobei ndiyo usiseme. Kijana anavuta donge la unga mbele yako, anakunja, anavuta tena, mpaka linakuwa nyuzi. Supu ya ng'ombe, figili, kotimiri, pilipili ya mafuta. Bei ziko ukutani, bakuli ni bakuli, hakuna mzani. Mishkaki ya kondoo ya watu wa Xinjiang, yenye bizari nyembamba, nayo inahesabiwa kwa kijiti. Kwingine kokote kumbuka kwamba neno rou, yaani nyama, likiwa peke yake kwao ni nguruwe. Ng'ombe ni niurou, kondoo yangrou, kuku jirou. Na mboga zinazoonekana salama zinaweza kuwa zimekaangwa kwa mafuta ya nguruwe.

Ngoja nikimbie, nina mzigo unatoka bandarini leo. Ila Jumamosi ukijikuta umesimama mbele ya tangi, piga picha kikaratasi uiweke hapa. Nitakusomea kabla hujakaa.