Mistari inatetemeka? Badilisha brashi kwanza

Umesema mistari yako ya rangi kwenye spoki za gari la farasi inatetemeka, na hujui maua ya kuchora mlangoni yaje kabla au baada ya vanishi.

Tatizo ni brashi. Brashi fupi hufuata kila mtikisiko wa mkono. Tumia yenye manyoya marefu na laini, ichovye kwenye rangi ya mafuta iliyolegezwa kidogo, ilaze, kisha vuta bila kusita. Mstari wa ukingoni mwa gurudumu ni rahisi zaidi: inua ekseli, tuliza mkono, gurudumu lenyewe lizunguke. (Niliharibu gurudumu zima kabla ya kukubali hilo.)

Maua huja juu ya rangi iliyokauka na kupigwa msasa laini, halafu vanishi ya mwisho huyafunika. Ukipamba kwa karatasi nyembamba ya dhahabu, ibandike wakati gundi yake bado inanata kidogo tu. Gundi ikiwa mbichi, dhahabu hufifia.

Ila usijaze mlango mzima. Gari la dhahabu la wafalme wa Uingereza, la 1762, lina michoro ya mchoraji Cipriani kila upande, lakini lile ni la kutawazia wafalme. Lako litapendeza kwa shada moja dogo katikati.