Njia ya baiskeli: mgeni na mzoefu hawafaidiki sawa

Mkuu, umeuliza kama njia ya baiskeli inamsaidia mzoefu pia au ni ya wanaoanza tu, maana mdogo wako anataka kwenda kazini kwa baiskeli toka Kimara, Dar es Salaam. Barabara ya Morogoro naendesha baiskeli tangu kabla mabasi ya mwendokasi hayajaanza mwaka 2016, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Kwa anayeanza, njia ile ndiyo inayoamua kama atapanda baiskeli au ataendelea kubanana kwenye basi. Roger Geller, mtaalamu wa usafiri wa baiskeli wa jiji la Portland, Marekani, aliwagawa watu mafungu manne, na fungu kubwa kuliko yote ni la wanaotamani kuendesha ila wanaogopa magari. Hao usiwaambie wajikaze. Wawekee ukingo kati yao na lori.

Kasheshe iko kwenye makutano. Ukifika mtaa unaoingia barabara kuu, njia inakatika, na gari linalokata kushoto linakupitia mbele. Dereva hakukuona, ulikuwa pembeni huko nyuma ya waenda kwa miguu na meza za machinga. Mzoefu anapunguza mwendo, anageuza shingo kulia, anatazama tairi la mbele la gari wala si indiketa, maana wengi hawawashi. Tairi likianza kukunja tu, anashika breki. Mgeni anaiamini njia na kunyoosha moja kwa moja.

Halafu tukisema wazoefu, tusiwaze wenye helmeti na nguo za kubana peke yao. Wazoefu wa Dar ni wauza samaki wanaotoka Feri asubuhi na tenga nyuma, na wa mkaa wenye magunia yanayotokeza pande zote mbili. Hao wanataka upana. Bodaboda ikipaki kwenye njia, gunia halipiti, inabidi washuke kwenye lami, na huko wanapigiwa honi na kufokewa warudi njia yao. Inaniuma sana, kwa sababu ndio wanaoitegemea baiskeli kula. Njia ikiwa pana na ikivuka makutano bila kukatika, hata wao watabaki humo.

Mdogo wako aanze Jumapili asubuhi, wewe ukiwa nyuma yake. Kila penye mtaa unaoingia asimame, hata kama hakuna gari, mpaka azoee kugeuza shingo bila kukumbushwa.