Kadi, kidole au namba ya siri? Majibu kwa wenye biashara ndogo

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wenye mlango mmoja, miwili, mitatu hivi, ambao wamechoka kuchonga funguo kila mfanyakazi anapopoteza wake. Nimeyafupisha, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Ofisi yangu ina watu 9, mlango wa mbele na stoo. Nichague kadi, alama za vidole au namba ya siri?

Kabla ya kuchagua chochote, toka nje ukausimamie huo mlango. Ufungue nusu, uuachie. Je, unarudi wenyewe hadi ulimi wa kitasa uingie mahali pake? Au unaishia njiani, mpaka mtu ausukume kwa bega? Kile kifaa cha ukutani kazi yake ni kufungua tu. Kufunga ni kazi ya bawaba, kitasa na ule mkono wa juu unaourudisha mlango taratibu. Nimeshakuta kisomaji cha bei mbaya kikiwaka taa yake ya kijani vizuri kabisa, na mlango umewekewa tofali usijifunge.

Mlango ukiwa mzima, kwa watu 9 mimi nakwambia kadi. Namba ya siri ya pamoja haidumu kuwa siri: leo anaijua karani, kesho anaijua anayeleta maji. Tena vitufe huchakaa. Namba ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000, lakini vitufe vinne vikishang'aa kwa kuguswa kila siku, mwizi amebakiwa na mipangilio 24 tu ya kujaribu. Kwa stoo unaweza kudai vyote viwili, kadi na namba ya mtu binafsi, ili kadi iliyookotwa isitoshe peke yake.

Fundi mmoja ananishauri kufuli la sumaku, mwingine anasema kibati cha umeme kwenye fremu. Kila mmoja anaapa kwamba mwenzake hajui kazi. Nani mkweli?

Wote wakweli, ila wanazungumzia milango tofauti. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa nyingi hupotea.

Kufuli la sumaku linashika mlango muda wote umeme ukiwepo, na linaachia pale pale umeme ukikatika. Lile dogo linalofungwa kwenye milango mingi hushika kwa nguvu ya kama kilo 270, kubwa lake kama kilo 540. Hizo ni namba za kiwandani, bamba la chuma likiwa limelala sawasawa juu ya sumaku. Bamba hilo linatakiwa lichezecheze kidogo kwenye mpira wake ili lijipange lenyewe. Fundi asiyejua hulikaza kwa nguvu zake zote akidhani anaimarisha, kumbe anapunguza: likikaa upande, upenyo mwembamba tu unakula sehemu kubwa ya nguvu. Ukifungiwa sumaku, lishike bamba kwa mkono. Likiwa limeganda kama msumari kwenye ubao, mrudishe fundi.

Kibati cha umeme hukaa kwenye fremu, mahali ambapo ulimi wa kitasa huingia. Kadi ikikubaliwa, kibati kinalegea na ulimi unapita. Kipo cha aina mbili: kinachoachia umeme ukikatika, na kinachobaki kimefunga. Mtu wa ndani hakihitaji wala hajali, anazungusha mkono wa kitasa kama siku zote na kutoka. Hilo kwangu ndilo jambo kubwa.

Hukumu yangu: mlango wa mbao au chuma wenye fremu imara na kitasa kizuri, weka kibati kinachobaki kimefunga umeme ukikatika, na hakikisha kitasa cha ndani hakina ufunguo wala komeo la kumzuia anayetoka. Mlango wa kioo usio na fremu ya maana, weka sumaku.

Ukiweka sumaku, usikubali kazi iishie kwenye kitufe cha kutokea tu. Kitufe hicho mara nyingi hupeleka ombi kwenye kisanduku cha kudhibiti, na kisanduku kikigoma, watu wamekwama ndani. Lazima kuwe na kile kiboksi cha dharura cha kuvunja au kubonyeza, nacho kikate waya wa umeme unaokwenda kwenye sumaku moja kwa moja, pasipo kuomba ruhusa ya kifaa chochote. Jengo likiwa na king'ora cha moto, nacho kiunganishwe kiikate sumaku. Sheria za zimamoto za mahali ulipo zitakuwa na lake la kusema kuhusu njia za kutokea. Waulize kabla hujanunua.

Umeme wa ukutani ukikatika, betri italishika kufuli la sumaku kwa saa ngapi?

Hesabu ni ya darasa la tano. Betri inayowekwa kwenye visanduku hivi mara nyingi ni ya volti 12 na ampia-saa 7. Sumaku ndogo inakula karibu nusu ampia bila kupumzika. Kisomaji na kidhibiti, tuseme vinakula 0.2. Jumla 0.7, gawanya 7 kwa 0.7 unapata saa 10. Hizo ni saa za karatasini. Betri haitoi yote iliyoandikiwa, na kila mwaka inapungua, kwa hiyo mimi ningetegemea saa sita, saba ikiwa mpya. Kama biashara yako hulala peke yake tangu jioni hadi asubuhi, betri hiyo moja haikutoshi. Weka kubwa zaidi, au ongeza kufuli la kawaida la ufunguo la kufungia usiku wakati hakuna mtu ndani.

Kibati kinachobaki kimefunga hula umeme sekunde chache tu za kufungua, kwa hiyo betri hiyo hiyo itakupeleka mbali zaidi.

Na jaribu! Zima umeme kwenye swichi kuu mchana, ukiwa pale, uangalie saa. Watu huweka betri wakaisahau miaka sita, halafu wanashangaa usiku wa kwanza wa giza mlango umejifungulia.

Nimesikia kadi zinaweza kunakiliwa kwa kifaa cha kushika mkononi. Kweli au vitisho vya wauzaji?

Kweli tupu. Kadi za kizamani, zile nene au vile vidude vya kuning'iniza kwenye funguo vinavyotumia mawimbi ya redio ya kilohezi 125, hazina siri yoyote ndani. Zikikaribia kisomaji hutaja namba yao kwa sauti, na yeyote mwenye kifaa cha bei ndogo anaweza kuisikia na kuiandika kwenye kadi nyingine.

Kizazi kilichofuata hutumia megahezi 13.56. Humo ndimo ilimo kadi ya MIFARE Classic, iliyosambaa dunia nzima kwenye mabasi na maofisi. Ulinzi wake ulianza kuanikwa hadharani Berlin mwishoni mwa 2007, na mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, wakaonyesha jinsi unavyovunjwa. Bado inauzwa. Ukinunua mpya leo, tafuta MIFARE DESFire, toleo la EV2 au EV3, au kadi nyingine inayotumia usimbaji (kuyafumba mazungumzo kwa ufunguo wa siri) wa AES.

Lakini subiri, kuna mtego ambao wauzaji wenyewe wengi hawaujui. Visomaji vingi vya bei nafuu huisoma hata DESFire kwa kutazama namba ya utambulisho tu, ile inayotajwa bila siri, na havigusi ule ufunguo wa siri uliomo ndani ya kadi. Hapo umenunua kufuli zuri ukaufunga mlango kwa uzi. Muulize anayekuuzia swali hili moja: kisomaji kinasoma namba ya kadi tu, au kinahakiki ufunguo uliofichwa ndani ya kadi? Akibabaika, umeshajibiwa.

Waya nao una yake. Visomaji vingi huzungumza na kidhibiti kwa mtindo uitwao Wiegand: biti 26, kati ya hizo 8 ni namba ya eneo, 16 ni namba ya kadi, 2 za kukagua makosa. Hakuna usimbaji, anayeufikia waya anasikiliza. Mtindo mwingine, OSDP, unaweza kusimba mazungumzo hayo, mradi fundi auwashe ulinzi wake, maana kuunganisha peke yake hakuuwashi.

Pamoja na hayo yote, usikose usingizi. Katika biashara ndogo nilizofanyia kazi, tatizo ninalolikuta kila mara ni kadi ya mtu aliyeacha kazi miezi minane iliyopita na bado inafungua.

Tuna karakana. Vijana wangu mikono yao ina grisi na saruji. Alama za vidole zitafaa?

Zitawatesa. Vidole vya kazi ngumu husuguliwa hadi mistari inafifia, na kisomaji cha kioo hakipendi maji wala mafuta. Asubuhi ya kwanza watapanga foleni wakijifuta kwenye suruali, ya pili mmoja ataacha mlango wazi kwa ajili ya wenzake. Ukilazimika, sajili vidole viwili vitatu kwa kila mtu, vya mikono yote, na uwe na kadi za akiba.

Tena kidole hakibadilishwi. Kadi ikipotea unaifuta, alama ikivuja umebaki nayo maisha. Nchi nyingi sasa zina sheria za taarifa binafsi zinazogusa jambo hili. Kwa Umoja wa Ulaya, kanuni iliyoanza kutumika Mei 2018 inaiweka alama ya kidole inayotumika kumtambua mtu katika kundi la taarifa nyeti. Sipendi kuona duka la watu watano linabeba mzigo huo ili kufungua mlango.

Aliyetufungia mfumo ametoweka na namba kuu ya usimamizi. Tufanyeje?

Vifaa vingi vina njia ya kurudishwa hali ya kiwandani: kitufe kidogo au jampa (kiunganishi kidogo cha kuchomeka) ndani ya kasha, au hatua zilizoandikwa kwenye kijitabu. Kadi zote zitafutika, mtasajili upya. Kisha badilisha ile namba kuu ya kiwandani siku hiyo hiyo, kwani imechapishwa kwenye kijitabu ambacho yeyote anaweza kukipata. Wawe wasimamizi wawili, na kila kadi iwe na jina la mtu. Hiyo "kadi ya wageni" isiyo na mwenyewe ifutwe leo.

Kifaa chetu kina kila kitu ndani yake na kimefungwa ukuta wa nje. Kuna ubaya?

Upo. Nyuma yake zimo waya za kufuli. Mtu mwenye bisibisi analing'oa kasha, anazigusanisha au kuzikata, mlango umefunguka bila kadi. Nje kibaki kisomaji tu, kidhibiti kikae ndani upande salama.

Mifumo ya mtandaoni inayofunguliwa kwa simu, mnaionaje?

Raha yake ni kumfuta mtu ukiwa mbali. Uliza mambo mawili: intaneti ikikatika, kidhibiti kinakumbuka kadi zote chenyewe? Na ukiacha kulipa ada ya mwezi, mlango unabaki mlango? Jibu likiwa hapana kwa lolote kati ya hayo, sikushauri.

Kila mlango ukifunguliwa, kifaa kinajizima na kuwaka upya. Nimebadilisha kifaa mara mbili.

Pole, kifaa hakina kosa. Kufuli la umeme ni koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, na koili ikikatiwa umeme ghafla hurusha mshtuko wa volti nyingi kurudi kwenye waya. Dayodi ndogo (kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu), 1N4007 kwa mfano, ikifungwa sambamba na koili pale pale kwenye kufuli, upande wenye mstari ukielekea chanya, inaumeza. Makufuli mengine huja nayo ndani. Kama lako halina, huo ndio ugonjwa.

La pili ni waya mwembamba. Ukipitisha umeme wa kufuli kwenye uzi mmoja wa waya wa mtandao kwa mita 30, kwenda na kurudi ni mita 60, karibu omu 5. Nusu ampia ikipita humo inapoteza volti 2.5, na kufuli linabaki na 9.5 badala ya 12. Tumia waya mnene, na ikiwezekana lipe kufuli chanzo chake cha umeme mbali na kifaa. Unapopima, pima kwenye ncha za kufuli lenyewe likiwa limewashwa. Ukipima kwenye kisanduku utaona 12 safi na utanunua kifaa cha tatu.