Jibu: Mama ana saratani ya ovari na sasa amepata kiharusi

Pole sana kwa kuuguza, dada. Umeuliza kama kiharusi kilichompata mama katikati ya matibabu ya saratani ya ovari kina uhusiano na saratani hiyo, au ni shinikizo la damu tu. Uhusiano unaweza kuwepo, kwa sababu saratani hiyo huifanya damu igande kwa urahisi, na bonge likiziba mshipa wa ubongo huleta kiharusi; dawa za saratani kama sisplatini nazo huongeza hatari.

Kwanza kabisa, ulizeni jibu la CT scan, yaani picha ya ndani ya ubongo: je, mshipa uliziba au ulipasuka? Dawa za kuzuia damu kuganda zinaweza kumdhuru aliyevuja damu, kwa hiyo msimpe hata aspirini kabla ya kujua. Pili, mtazameni miguu. Mama mdogo niliyemuuguza hapa Dar alivimba mguu mmoja hadi kandambili ya upande huo ikagoma kuingia, na altrasaundi ikaonyesha bonge kwenye paja.

Kama saratani inatibiwa hospitali ya Ocean Road na kiharusi kinaangaliwa hospitali ya Muhimbili, bebeni nakala za vipimo vyote kila kliniki, maana madaktari hao ni lazima waamue pamoja. Mimi sijaona faili lake, hivyo siwezi kusema chanzo ni kipi. Shinikizo na sukari vipimwe hata hivyo. Uso ukipinda au ulimi ukiwa mzito tena, msisubiri tarehe ya kliniki. Mpelekeni idara ya dharura saa hiyohiyo.