Andika Hata Debe Ulilogawa

Msomaji mmoja kutoka Makambako ameniuliza daftari la shamba linaandikwaje, kwa kuwa msimu uliopita alivuna vizuri, lakini kufikia Januari alikuwa ananunua unga dukani. Ninamjibu hapa kwa sababu najua wengi mnaonisoma mnataka kilimo kiwalipie ada na kuwajengea nyumba, kama nilivyotaka mimi nilipoolewa Mbozi.

Mwanzoni niliandika yale ambayo bwana shamba humwelekeza kila mkulima: tarehe ya mvua ya kupandia, ambayo kwetu huja Novemba au Desemba, mifuko ya mbolea za DAP na Urea, malipo ya vibarua wa palizi, na dawa ya viwavijeshi vamizi, ambao tangu walipoonekana nchini mwaka 2017 wametuongezea gharama kila msimu. Hesabu hizo zilinionyesha fedha iliyoingia shambani, lakini hazikuniambia mahindi yanakwenda wapi. Ndipo nikaanza kuandika kila kinachotoka ghalani: debe la kusaga, debe la msibani, sado ya jirani, debe la shemeji.

Shemeji alipoliona jina lake, alikiambia kikao cha familia kwamba nimewageuza ndugu kuwa wadeni. Maneno yale yananiuma hadi leo, ingawa mama mkwe, ambaye hajui kusoma, aliniomba nimsomee ukurasa mzima mbele ya wote. Ukurasa ule ulionyesha kuwa walichopewa ndugu kilikuwa kidogo mno. Mahindi mengi yalikuwa yameondoka Julai, bei ikiwa chini, katika magunia ya lumbesa yanayozidi kilo 100 na bado yakahesabiwa kuwa gunia moja moja. Na mengine yalitobolewa na dumuzi, mdudu ambaye wakulima humwita skania.

Tangu hapo, wakati wa mavuno tunauza kwa mzani kile tu kinachotosha mahitaji ya lazima, na yaliyobaki tunayakausha vizuri na kuyafunga katika mifuko isiyopitisha hewa. Februari mwaka huu niliuza kwa bei niliyoitaka mimi, na ada ya watoto imelipwa yote. Shemeji naye amekuja kuomba nimpigie mistari daftari lake. Nimempigia, bila kumkumbusha lolote.

Kwa hiyo ndugu zangu, andikeni. Andikeni jioni ileile, kwa kalamu ya wino, kila debe linalotoka, liwe la kuuzwa, la kuliwa au la zawadi, na tusimlaumu dalali kwa mahindi ambayo sisi wenyewe hatukuyahesabu. Familia isiyojua inakula magunia mangapi kwa mwaka haiwezi kujua inaweza kuuza mangapi. Anayeogopa kuonekana bahili asianze na majina: aandike neno “msaada” na idadi ya debe, kisha majina atayaongeza watu wa nyumbani wakishalizoea daftari.