Simu Imeingia Maji? Mchele Upike Tu

Simu ikilowa, wengi huifukia kwenye mchele wakidhani utaikausha. Lakini maji peke yake hayaiui simu haraka kama watu wanavyodhani. Kinachoiua ni maji kukutana na umeme wa betri. Betri ya simu ina takriban volti 3.7, na umeme huo ukipata njia ndani ya maji yenye chumvi au uchafu, shaba ya kwenye bodi (ule ubao wa ndani wenye chipu) huanza kuliwa palepale. Ndani ya siku chache utaona ganda la kijani kwenye pini. Simu iliyozama ikiwa imezimwa ina nafasi nzuri kuliko iliyorushiwa matone machache halafu mwenyewe akaichomeka chaji "aone kama inaingiza".

Kwa hiyo izime. Usimpigie mtu kwanza ili ujue kama spika inasikika. Kama ni kitochi au simu yoyote ya kufunguka mgongo, ng'oa betri hata kabla ya kuifuta. Kama betri imefungiwa ndani, izime kwenye menyu. Kwenye simu nyingi, kubana kitufe kwa muda mrefu huiwasha upya badala ya kuizima, kwa hiyo itazame mpaka uhakikishe imelala. Kama imejizima yenyewe, usiiamshe.

Toa kava, laini na kadi ya memori. Laini ifute vizuri uitie kwenye simu nyingine ili namba yako na pesa za simu ziendelee kufanya kazi, kwa sababu kinachowafanya watu waiwashe simu mbichi mara nyingi ni haraka ya kutuma pesa. Kisha ishike kitundu cha chaji kikitazama chini na uigongegonge taratibu kwenye kiganja. Usiitikise kwa nguvu, wala usipulize kwa mdomo. Maji yaliyokuwa mlangoni tu utayasukuma mpaka kwenye kamera.

Sasa mchele. Punje zilizolala nje ya simu haziwezi kufyonza maji yaliyojificha chini ya chipu. Zinachofanya ni kuacha vumbi la wanga, na kipande kikiingia kwenye kitundu cha chaji kinageuka uji. Kampuni ya Apple katika mwongozo wake wa iPhone inakataza waziwazi kuiweka simu kwenye mchele. Feni ya kawaida inafanya kazi zaidi: isimamishe simu mbele yake kwa saa 24 hadi 48. Msimu wa masika, hewa yenyewe ikiwa imelowa, ni afadhali kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vidogo vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, kama umevitunza vingi. Kifuko kimoja ni mapambo tu.

Drya ya nywele, jua kali na mgongo wa friji visahau. Joto hulegeza gundi ya kioo, na betri ya lithiamu ikipita nyuzi 60 inaingia kwenye hatari.

Hayo yote yanatosha kwa maji ya mvua au ya ndoo. Maji ya bahari ni habari nyingine, na wakazi wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja wanapaswa kuielewa vizuri. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Maji yakikauka, chumvi inabaki kwenye bodi, na chumvi hiyo huvuta unyevu kutoka hewani. Ukitaka ushahidi, tazama kopo la chumvi jikoni wakati wa masika: linatota bila mtu kulitia maji. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida huyeyuka yenyewe, na pwani kiwango hicho si cha ajabu hata kidogo, hasa usiku. Simu iliyoingia maji ya Kigamboni inaweza kukaa mbele ya feni wiki nzima, ikawaka, kisha usiku ikaanza upya kuliwa. Kuikausha bila kuisafisha ni kazi bure. Soda na chai ya maziwa ziweke kundi hilohilo.

Hapo inabidi ifunguliwe, na upesi: siku hiyohiyo, si baada ya wiki. Jambo la kwanza ni kuchomoa konekta ya betri. Bodi ikishatolewa, chumvi huoshwa kwa maji safi yasiyo na madini, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri za gari. Soma chupa mara mbili, maana asidi ya betri nayo huuzwa karibu na hapo. Baada ya maji ndiyo inakuja alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, pamoja na mswaki laini. Kazi yake ni kuyafukuza maji yaliyobaki na kukauka haraka. Spiriti ya duka la dawa kwa kawaida ni ya asilimia 70, maana yake karibu theluthi yake ni maji. Tina ya rangi inasafisha kweli, lakini inakula plastiki na gundi. Ukimwona fundi anaimimina juu ya bodi yenye maiki na kamera bado zimefungwa, chukua simu yako uondoke. Na muulize kama atafungua vile vifuniko vya bati vinavyofunika chipu, kwa sababu uchafu mwingi umelala chini yake.

Kabla ya kurudisha betri, fundi makini huiweka bodi kwenye pawa saplai, mashine ya kuipa umeme badala ya betri, na kutazama ampia, yaani kiasi cha umeme inachovuta. Kitufe kikiwa hakijaguswa, isome sifuri. Ikionyesha 0.1 au zaidi, kuna shoti mahali, na kulazimisha kuwasha ni kuunguza kilichobaki.

Na hizi simu zenye IP68, alama ya kuzuia vumbi na maji? Kipimo hicho hufanywa kwenye maji safi yasiyo na chumvi, simu ikiwa mpya. Mipira na gundi huchakaa, na simu iliyowahi kubadilishwa kioo mtaani bila kuwekewa gundi mpya ya kuzuia maji usiihesabu tena.

Ikiwaka, usiichomeke chaji kwanza. Tumia moto uliobaki kwenye betri kuhamisha picha, majina na mazungumzo ya WhatsApp, maana simu iliyowahi kulowa inaweza kufa ghafla hata mwezi unaofuata. Chaji ya kwanza iwe mchana ukiwa karibu, si usiku chini ya mto. Mgongo ukianza kunyanyuka au kioo kuachia pembeni, betri imevimba: izime, usiitoboe wala kuibana irudi, iweke mbali na godoro na mapazia, kisha umpelekee fundi aitoe.