Kiwango cha Siku Ile: Tulivyohesabu Fedha za Mombasa katika Nyumba ya Wete

Marehemu baba yangu na ami yangu anayeishi Mombasa walijenga nyumba moja Wete kwa fedha zao wawili, na baba aliandika kila mchango wa ami katika daftari lake kwa shilingi za Kenya, pamoja na tarehe, isipokuwa mmoja tu. Kiwango cha kubadilisha fedha hakukiandika. Baba alipofariki, na sisi watoto wake tukahitaji kujua fungu lake ni lipi na la ami ni lipi kabla ya kugawa mirathi, daftari hilo lilitushughulisha kwa miezi. Naeleza tuliyojifunza kwa sababu ni nyumba chache za Pemba zisizo na ndugu Mombasa.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Januari 2024 nilijumlisha shilingi zote za Kenya zilizomo daftarini, nikazizidisha kwa kiwango cha siku hiyo, kilichokuwa karibu na shilingi 16 za Tanzania kwa shilingi moja ya Kenya. Katikati ya mwaka huo huo binamu yangu wa Mombasa alirudia hesabu ile kwa njia ile ile, lakini kwa kiwango kilichozidi 20. Kwa kila laki moja ya Kenya tulipishana takriban laki nne za Tanzania, na hakuna tofali hata moja lililokuwa limeongezwa ukutani. Mwanzoni mwa mwaka dola moja ilifikia shilingi 160 hivi za Kenya, kwa kuwa wengi walihofia namna Kenya itakavyolipa hatifungani, yaani hati ya mkopo wa serikali, ya dola bilioni 2 iliyokuwa ikiiva mwezi wa Juni. Februari serikali yake ilipouza hatifungani mpya hofu ilipungua, na shilingi ikaimarika hadi karibu 130 kwa dola. Mambo hayo hayakuwa na uhusiano wowote na saruji iliyonunuliwa Wete mwaka 2009.

Hapo tulikubaliana kwamba kila mchango uhesabiwe kwa kiwango cha siku ulipotolewa, kwa kuwa siku hiyo ndiyo fedha ilipogeuka kuwa matofali na mabati. Mwaka 2009 shilingi ya Kenya ilikuwa sawa na shilingi 17 hivi za Tanzania, na mwaka 2016 ilizidi 21, kwa hiyo laki moja ya 2009 na laki moja ya 2016 haziwezi kuzidishwa kwa namba moja.

Nasisitiza kwamba nazungumzia mchango, si deni. Aliyekopa shilingi za Kenya anadaiwa shilingi za Kenya, na kama mkopeshaji atakubali kulipwa kwa shilingi za Tanzania, kinachoangaliwa ni kiwango cha siku ya kulipa. Ugomvi mwingi wa ndugu, kwa ninavyoona, huanzia hapa: mmoja anasema alichangia, mwingine anasema alikopeshwa, na wote wawili wanakimbilia kikokotoo kabla ya kwenda kwa kadhi.

Viwango vya siku zilizopita hupatikana Benki Kuu ya Tanzania na pia Benki Kuu ya Kenya, ila msomaji atakuta bei ya kununua, bei ya kuuza na wastani wake. Sisi tulichagua wastani wa Benki Kuu ya Tanzania, tukaandika chaguo hilo juu ya karatasi na kila mmoja akatia saini kabla ya hesabu kuanza, kwa sababu mtu akishaona jumla hataacha kuchagua bei inayompa zaidi. Fedha iliyopokewa siku ya mapumziko tuliihesabu kwa kiwango cha siku ya kazi iliyotangulia.

Mwenye karatasi za zamani zaidi anahitaji uangalifu mwingine. Zanzibar ilitumia rupia hadi 1936, ilipoingia shilingi ya Afrika Mashariki kwa shilingi moja na nusu kwa kila rupia. Shilingi ya Tanzania ilitolewa Juni 1966 na ya Kenya Septemba mwaka huo, zote zikiwa na thamani moja, kiasi kwamba mzee aliyeandika «shilingi mia» wakati ule huenda hakuona haja ya kutaja ni za nchi gani. Miaka ya mwanzo ya 1980 ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwani kiwango cha serikali ya Tanzania kilikuwa mbali sana na cha mitaani. Mwanzoni mwa 1986 dola ilikuwa shilingi 17 hivi za Tanzania kwa kiwango rasmi, na kabla ya mwaka kwisha ilipita 50. Kwa fedha za kipindi hicho, namshauri mtu aulize kwanza zilibadilishwa wapi, benki au kwa mkono.

Katika daftari la baba ulibaki mchango mmoja usio na tarehe. Tulimpigia simu ami, naye akakumbuka kwamba fedha hizo alizileta mwenyewe kwa boti, wiki ambayo mafundi walikuwa wakiezeka. Risiti ya mabati ilikuwemo ndani ya daftari lile lile; tukachukua wastani wa mwezi ulioandikwa juu yake, na binamu yangu akauandika kwa kalamu nyekundu pembeni mwa mwandiko wa baba.